Ukuta wa chumba cha mama unatoa chumvi na rangi inavimba. Tuanzie wapi?

"Shikamoo mzee. Nyumba yetu ipo Isamilo, Mwanza, kwenye mteremko. Marehemu baba aliijenga mwaka 1976, msingi wa mawe, kuta za tofali za kuchoma. Miaka yote tuliyokua humo hatukuona shida. Sasa ukuta wa nyuma, chumbani kwa mama, rangi imevimba malengelenge, ukigusa inadondoka, na ndani yake kuna unga mweupe kama magadi. Imepanda kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno. Mwaka juzi tuliweka marumaru sakafuni, tukamwaga zege uani, tukapaka rangi ya mafuta ili ukuta uweze kuoshwa. Fundi wa kwanza alikwangua akapiga plasta ya simenti yenye dawa ya kuzuia maji. Miezi minane baadaye imerudi, na safari hii imepanda zaidi. Fundi wa pili anataka abandike marumaru ukutani hadi mita moja na nusu. Jirani anasema ni ziwa linapanda chini kwa chini na hakuna dawa. Mama ana pumu. Je, nyumba itaanguka? Tufanye nini kwanza?"

Marahaba, binti yangu, na mpe mama pole.

Umeandika mengi, lakini kuna sentensi moja nimeirudia mara tatu: "Miaka yote tuliyokua humo hatukuona shida." Nyumba iliyokaa kavu tangu 1976 haiamki siku moja ikaanza kunywa maji. Kuna kitu kimebadilika, na umekitaja mwenyewe: marumaru sakafuni, zege uani, rangi ya mafuta ukutani. Mafundi wote wawili wameshughulika na ukuta tu. Mimi nataka tuanze na hayo matatu, kwa sababu jibu liko humo.

Nimtoe kwanza jirani kwenye hofu yake. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nyumba yenu iko mlimani, juu kabisa ya hapo. Maji yanayonyonywa na ukuta hupanda kwa kawaida mita moja, pengine moja na nusu, hayapandi mlima. Ziwa lingekuwa na hatia kama lingekuwa limefika chini ya msingi wenu. Simlaumu jirani, maana mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kuvunja rekodi ya 1964, na walio karibu na ufukwe waliona maji yakichimbuka hata pale ambapo ziwa lenyewe halikufika. Kwa mwenye nyumba bondeni kando ya maji ningejibu vingine. Kwa Isamilo, ziwa tuliache.

Maji yenu yanatoka juu. Milima ya Mwanza ni granaiti, na juu ya mwamba kuna udongo wa kichangachanga usio na kina. Mvua ikinyesha huzama kwenye udongo haraka, inakutana na mwamba, inakosa pa kuingia, basi inateleza juu ya mwamba chini ya udongo kufuata mteremko. Kitu cha kwanza kikubwa inachokutana nacho ni msingi wa nyumba, upande wa nyuma. Mvua ikikatika asubuhi, maji hayo yanaweza kuendelea kutembea kimyakimya kwa siku kadhaa. Ndiyo maana ukuta wenu mbovu ni wa nyuma, na si wa mbele unaotazama mjini.

Sasa jinsi yanavyopanda. Chukua andazi, chovya kona yake tu kwenye chai, lishike hapohapo. Utaona chai ikipanda yenyewe hadi sehemu ambayo haijagusa kikombe. Tofali la kuchoma ni hivyohivyo: limejaa vitundu vidogo sana, na kadiri kitundu kilivyo chembamba ndivyo maji yanavyovutwa juu zaidi. Siku hizi kati ya msingi na ukuta tunatandika nailoni nzito, ile ambayo mafundi wanaiita DPC, ili kukata njia hiyo. Nyumba nyingi za miaka ile hazina, na sitashangaa kama ya baba haina.

Mbona basi ilikaa kavu? Kwa sababu ukuta haulowi ila pale maji yanayoingia yanapozidi yanayotoka. Nyumba ya baba ilikuwa ikinywa kidogo kila masika na kila vuli, na ikipumua yote nje: kupitia sakafu ya simenti isiyo na marumaru, kupitia plasta, kupitia rangi ya chokaa au rangi ya maji. Maji yalikuwa yakigeuka mvuke kabla hamjayaona. Mwaka juzi, kwa nia njema kabisa, mkafunga milango yote ya kutokea. Unyevu uliokuwa ukitoka sakafuni ukakutana na marumaru, ukaenda pembeni, yaani kwenye kuta. Ukuta nao umevaa rangi ya mafuta. Na zege la uani, kama lilimwagwa hadi likagusana na ukuta, udongo wa chini yake haukauki tena, na mvua inayodunda juu yake inarushwa ukutani.

Fundi wa kwanza akaongeza kufuli jingine. Plasta yenye dawa ya kuzuia maji haiyaondoi maji. Inayazuia kutoka upande mmoja tu. Yakikosa upenyo hapo chini, yanapanda mpaka yapate sehemu isiyo na dawa. Kwa hiyo kwamba "safari hii imepanda zaidi" si ajabu. Ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Ule unga mweupe nao una habari yake. Maji yakipita kwenye udongo, kwenye mawe na kwenye tofali huyeyusha chumvi mbalimbali na kuzibeba. Yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki. Inaganda kuwa vipande vidogovidogo vyenye ncha, na vinapokua ndani ya vitundu vinasukuma. Hapo ndipo rangi inapovimba na plasta inapogeuka unga. Pia baadhi ya chumvi hizi hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo siku ya mawingu ukuta unaloa hata kama hakuna maji mapya yaliyopanda. Kama mahali hapo paliwahi kuwa na choo cha shimo au zizi la mbuzi, chumvi huwa nyingi zaidi, na kwa sababu hiyo usiionje kwa ulimi kama wafanyavyo wengine. Utaambiwa pia kwamba kosa ni mchanga wa ziwani. Hayo ni ya pwani, ambako mchanga wa bahari una chumvi kweli. Maji ya Ziwa Victoria ni maji baridi, yaani si ya chumvi. Mchanga wake unaweza kuwa na tope au kuwa laini mno, lakini chumvi yenu haikutoka huko.

Kuhusu marumaru za ukutani, nakusihi: msibandike. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja upande wa Nyakato ambako walibandika hadi usawa wa kifua. Kwa mwaka mmoja ilipendeza. Kisha unyevu ukatokea juu ya marumaru, na ukaota upande wa pili wa ukuta, sebuleni. Nilipoigonga marumaru moja ilitoka nzima pamoja na plasta yake, na nyuma yake palikuwa peusi, pananuka kama gunia lililosahaulika kwenye mvua. Nikachoma tofali kwa ufunguo wa mlango. Uliingia kama unaingia kwenye muhogo ulioiva. Wenye nyumba hawakuwa wamejua lolote kwa sababu marumaru iliwaficha. Ukuta wenu leo ni mbaya kwa macho, lakini angalau unawaeleza hali yake.

Kabla ya kutumia hata shilingi, hakikisheni kwamba ni maji ya ardhini. Fungeni mabomba yote usiku, soma mita, isome tena alfajiri kabla mtu hajafungua maji. Kama imesogea, kuna bomba linavuja, na hilo litengenezwe kwanza. Angalia kama ukuta unazidi siku chache baada ya mvua kubwa na kutulia kiangazi. Kisha bandika kipande cha nailoni ukutani, pande zote nne kwa gundi ya karatasi, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni hewa ya ndani: mvuke wa kupikia, nguo zinazoanikwa chumbani, madirisha yasiyofunguliwa. Yakiwa upande wa ukuta, yanatoka ukutani. Kwa maelezo yako nategemea hili la pili.

Halafu nenda nyuma ya nyumba na futi ya fundi. Hiki ndicho kipimo ninachokitaka kuliko vyote. Pima kutoka kizingiti cha dirisha la chumba cha mama hadi sakafu ya ndani, kisha kutoka kizingiti hichohicho hadi ardhi ya nje. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 angalau. Kwenye miteremko yetu kila masika mvua inashusha udongo kidogo na kuulundika nyuma ya nyumba. Sentimita moja kwa mwaka huwezi kuiona, ila hesabu tangu 1976. Nimekuta nyumba ambazo uwanja wa nyuma uko juu ya sakafu ya chumba, halafu juu ya udongo huo mtu amemwaga zege zuri kabisa. Hapo ukuta haunyonyi tena kutoka chini. Umezikwa, na unaloa ubavuni. Kama vipimo vyako vitaonyesha hivyo, basi nusu ya ugonjwa tumeshaupata.

Kwa hiyo kazi yenu inaanza uani kwa sururu. Kiangazi ndio wakati wake, kuanzia Juni hadi Septemba, kabla ya vuli. Vunjeni ukanda wa zege unaogusa ukuta, upana wa sentimita 50 hivi, ondoeni udongo uliojilundika mpaka mfike chini ya usawa wa sakafu, mjaze kokoto tupu mahali pake. Kokoto haivuti maji, na haiyarushi ukutani. Juu zaidi, kama mita moja na nusu au mbili kutoka ukutani kuelekea mlimani, chimbeni mfereji wa kukinga maji ya mlima, sakafu yake iwe chini ya sakafu ya nyumba kwa sentimita 30 hivi, uteremke walau sentimita moja kwa kila mita, ujazwe kokoto na bomba lenye matundu. Uzunguke nyumba na kutoa maji mahali pasipomuumiza jirani wa chini. Msichimbe chini ya kina cha msingi, wala msichimbe mfereji mrefu wote kwa siku moja. Endeni vipande vipande. Kama njiani mtakutana na jiwe kubwa linaloonekana limeegemea udongo, simameni, msiliguse.

Hukutaja gata. Paa la mita 10 kwa 6 likipata mvua ya milimita 50 linakusanya lita 3,000, yaani mapipa 15 ya lita 200. Nusu yake inamwagika nyuma, palepale kwenye ukuta wa mama. Wekeni gata upande wa nyuma, maji yaende kwenye tangi au mbali na msingi. Katika yote ninayokutajia, mfereji, gata na kokoto ndivyo vitakavyoleta nafuu kubwa kwa fedha ndogo.

Ndani sasa. Ondoeni plasta ya dawa na rangi yote ya mafuta kwenye ukuta huo, hadi sentimita 50 juu ya pale unyevu ulipoishia, mpaka tofali lionekane. Tumieni tindo na nyundo ndogo taratibu, mkiwa na barakoa. Chumvi isuguliwe kwa brashi kavu na ikusanywe kwenye mfuko. Msiioshe kwa maji, maana itayeyuka na kurudi ndani ya tofali. Vifusi vya plasta msivimwage chini ya ukuta wala msivitumie kujazia uani, kwa kuwa vimejaa chumvi ileile. Kisha muache ukuta uchi.

Hapa ndipo watu wengi wanashindwa, na nakuelewa, ni chumba cha kulala. Lakini ukuta uliolowa hukauka polepole. Makadirio tunayotumia ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, baada ya chanzo cha maji kukatwa. Ukuta wenu, kama ni wa inchi tisa, unahitaji miezi kama tisa. Fundi anayeahidi kupiga plasta wiki ijayo anawauzia kazi ya kurudiwa. Katika miezi hiyo chumvi itaendelea kutoka, nanyi mtaisugua kwa brashi kavu kila mara. Ikipungua mjue mnaelekea pazuri.

Wakati wa kupiga plasta ukifika, msitumie simenti na mchanga peke yake. Plasta hiyo ni ngumu kuliko tofali lenu la zamani na haipumui vya kutosha. Bora kabisa ni chokaa iliyozimwa, kipimo kimoja kwa mchanga safi vitatu, kwa matabaka membamba yasiyozidi sentimita moja na nusu, kila tabaka likifunikwa gunia lenye unyevu kwa siku kadhaa lisikauke kwa ghafla. Wengi wa mafundi wa leo hawajaizoea kazi hii na watakuambia chokaa haishiki. Inashika, ila inataka subira. Kama hukupata wa kuifanya, njia ya kati ni simenti kipimo kimoja, chokaa kimoja, mchanga sita. Si nzuri kama ya kwanza, lakini ni nafuu kubwa. Chokaa inaunguza: glavu na miwani ni lazima. Juu yake pakeni chokaa au rangi ya maji isiyong'aa. Skimu ya jasi msiipeleke ukuta huo, kwa kuwa inanyonya unyevu na kuharibika mapema.

Mtasikia habari za kutoboa matundu chini ya ukuta na kuingiza dawa ya kuzuia maji kupanda. Si utapeli. Inaweza kusaidia kwenye ukuta wa tofali zilizopangika na kuungwa vizuri. Lakini dawa hiyo haizuii maji yanayoingia ubavuni kutoka kwenye ardhi iliyopanda, na kwenye mawe ya msingi inazunguka bila kuenea sawasawa. Ipo pia njia ya kukata ukuta kipandekipande na kuingiza nailoni. Ni ya uhakika zaidi na ni ya hatari zaidi. Zote mbili nisingezigusa mpaka kazi ya nje imepitia masika nzima. Marumaru za sakafuni nazo ziacheni kwa sasa. Kama baada ya mwaka ukuta bado unanyonya, tutazungumza juu ya kuondoa mstari mmoja kando ya ukuta ili sakafu ipate pa kupumulia.

Umeuliza kama nyumba itaanguka. Kwa uliyonieleza, hapana. Ila kuna jambo moja lazima ulikague siku plasta itakapotoka. Nyumba nyingi za wakati ule ziliungwa kwa udongo badala ya simenti, simenti ikapigwa usoni tu. Choma kiungo kati ya tofali mbili kwa msumari. Ukiingia bila kupata ukinzani na kutoa tope, muungano umelainika, na hapo msiruhusu fundi yeyote akate au atoboe ukuta. Iteni mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aje auone kwa macho. Muiteni pia mkiona ufa wa mshazari unaopitisha ncha ya kidole au unaoendelea kukua (weka alama ya penseli kwenye mwisho wa ufa na uandike tarehe), ukuta uliofanya tumbo, au mlango ulioanza kukwama bila sababu. Soketi iliyoko kwenye ukuta uliolowa izimwe kwenye swichi kuu leo na fundi umeme aikague. Kukiwa na harufu ya choo, tafuteni mtu wa kupima mfumo wa maji taka kabla ya kuchimba.

Nimemwacha mama mwishoni ili nimzungumzie bila haraka. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 unaoeleza kwamba nyumba zenye unyevu na ukungu huendana na pumu na matatizo mengine ya kifua. Kwa hiyo asisubiri miezi tisa. Mhamishieni chumba cha mbele wiki hii, kabla ya kugusa chochote, na asiwepo siku za kukwangua plasta. Godoro lake lianikwe juani. Kabati lisogezwe mbali na ukuta. Penye ukungu mweusi futeni kwa kitambaa na maji ya sabuni, msisugue pakiwa pakavu, kwa sababu vumbi lake ndilo linaloingia kifuani. Mkitumia dawa ya klorini, kamwe msiichanganye na asidi ya kusafishia choo. Hewa inayotoka hapo ni sumu. Na kama anaamka usiku akikosa pumzi mara nyingi kuliko zamani, apelekwe kwa daktari bila kungoja ukuta.

Ukishapima ile tofauti ya sakafu na ardhi ya nyuma, niandikie namba mbili hizo pamoja na ulichokuta kwenye mita. Kwa hizo nitaweza kukuambia mfereji uende kina gani.